Uzi: Ngamia hana tangi la maji mgongoni (niliyoyaona Chalbi nikifunga pampu)

Fundi Pampu:

Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita kuna jamaa humu aliandika kwamba ngamia analiweza jangwa kwa sababu nundu yake imejaa maji, na watu wakampigia laiki kama mvua. Nikanyamaza. Leo mvua imenifungia ndani, simu ina chaji, wacha niseme.

Mimi ni fundi wa pampu za visima, mtu wa Manyoni. Miaka minne nimekula ugali wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya: Maikona, Kalacha, North Horr, kote kule kandokando ya jangwa la Chalbi. Kwa asiyepajua, Chalbi zamani ilikuwa ziwa. Sasa ni tambarare ya chumvi, nyeupe pee, na ukitoka kwenye chumvi unaingia kwenye mawe meusi ya volkano ambayo saa nane mchana hata mbuzi anachagua pa kukanyaga. Upepo unaanza asubuhi na mchanga wake, unaingia mpaka kwenye kikombe cha chai.

Nilikuwepo kwenye ule ukame wa 2020 mpaka 2023, mvua zilipogoma misimu mitano mfululizo. Ng'ombe walivyokufa sitaki kusimulia sana. Njia ya kwenda kisimani ulikuwa unaijua kwa mizoga. Ngamia nao walikufa, tusidanganyane, lakini si kwa kiasi kile. Ndipo nikaanza kuwatazama vizuri.

Siku moja mzee mmoja wa Kigabra alileta ngamia wake kwenye kisima tulichokuwa tunakarabati. Alisema ni siku ya 12 tangu wanywe. Mita yetu ya maji ilikuwa mbovu, nikamwambia kijana wangu ajaze hori kwa madumu ya lita 20 ili tuhesabu. Tukamtenga jike mmoja. Akashusha shingo, hakuinua kichwa mpaka dumu la nne. Akapumua, midomo inadondosha, akarudi tena. Dumu la tano likabaki robo. Kwa saa yangu, dakika 10 hazikutimia.

Sasa angalieni hapa. Alipokuja, mbavu zilikuwa zinahesabika na tumbo limeingia ndani kama kafungwa kamba. Alipomaliza, tumbo limejaa, mbavu zimepotea. Nundu je? Ilikuwa vilevile alivyokuja nayo, imelala upande mmoja kama mfuko uliomwagwa unga. Lita 95 zimeingia mwilini na nundu haikunyanyuka hata kidogo.

Nundu ni mafuta, wakuu. Ngamia aliyekula msimu mzuri anaweza kubeba kilo 30 na ushee pale juu. Ni ghala la chakula. Ikilala upande ujue ghala limeisha, na huwezi kulijaza kwa maji, unalijaza kwa miezi ya majani.

Halafu jiulizeni kwa nini mafuta yote yamekusanywa mahali pamoja. Nguruwe anayo chini ya ngozi, mwili mzima, kama blanketi. Mvike ngamia blanketi hilo kwenye jua la Chalbi uone kama atamaliza wiki. Mafuta yakikaa mgongoni, huko kwingine kote ngozi inabaki wazi kutoa joto, na mgongoni ndiko jua linakopiga, kwa hiyo yanakuwa kama paa.

Naendelea baadaye, naitwa chakula.

chai_moto:

Lita 95 ndani ya dakika 10? Mkuu hiyo ni chai, tena ya tangawizi. Mtu akinywa maji lita kadhaa kwa pupa anaweza kufa. Huyo ngamia wako ni lori la maji taka?

Kijana wa Kondoa:

Siti ya mbele kabisa. Fundi shusha.

Fundi Pampu:

Nimerudi. chai_moto, swali lako ni la haki, na hata mimi kabla ya kuhesabu madumu nisingeamini. Lakini waliopima kitaalamu wamepata zaidi ya lita 100 kwa muda kama huo.

Wewe ukibugia maji mengi kwa mara moja, damu inakuwa nyepesi ghafla, na maji yanakimbilia ndani ya chembe (seli) za mwili. Chembe zinavimba. Kwenye ubongo hazina pa kwenda, ndiyo mtu anapoteza fahamu. Chembe nyekundu za damu nazo zikizidiwa zinapasuka. Za ngamia zina umbo la yai, kama mbegu ya tikiti. Zetu ni duara, kama sahani. Hizo za kwake zinaweza kuvimba mpaka zaidi ya mara mbili ya ukubwa wake bila kupasuka. Katika wanyama wote wanaonyonyesha, ni ngamia na ndugu zake tu, llama na alpaka wa Amerika Kusini, wenye chembe za hivyo.

Nusu ya pili ya jibu ni kiasi anachoweza kupoteza. Wanyama wengi wakipoteza maji kiasi cha asilimia 12 hadi 15 ya uzito wao kwenye joto kali, kwisha. Ngamia anapita asilimia 25 na bado anatembea. Siri ni mahali maji yanapotoka. Sisi maji yakipungua, damu nayo inakuwa nzito kama uji, moyo unashindwa kuisukuma, joto la ndani halifiki kwenye ngozi, mwili unachemka. Ngamia anatoa maji tumboni na kwenye nyama, damu anaiacha ibaki damu. Ndiyo maana tumbo lilikuwa limeingia ndani na bado alifika kisimani kwa miguu yake.

Mwalimu Baiolojia:

Fundi, heshima yako, ila nundu usiidharau. Darasani tunafundisha kwamba mafuta yakiunguzwa mwilini hutoa maji. Gramu 1 ya mafuta inatoa gramu 1 ya maji na kidogo juu. Piga hesabu: kilo 30 za mafuta, zaidi ya lita 30 za maji. Kwa hiyo yule jamaa wa wiki iliyopita hakukosea sana.

Daktari wa Mifugo Isiolo:

Mwalimu, hesabu yako ni sawa, lakini umesoma ukurasa mmoja wa daftari. Kuunguza mafuta kunahitaji oksijeni. Oksijeni inaingia kwa kupumua. Na kila pumzi unayotoa kwenye hewa kavu ya jangwa inaondoka na unyevu wa mapafu. Ukijumlisha yanayoingia na yanayotoka, maji ya mafuta hayalipi deni lake. Duka linauza sana lakini kodi inakula faida yote.

Sasa nisimulie aibu yangu. Nilipotoka chuoni nilipelekwa kuhudumia mifugo huku, na mimi ni mtu wa mlimani, nimekua na ng'ombe wa maziwa. Saa kumi na mbili asubuhi nikampima ngamia joto, nikapata nyuzi 34 na nusu. Nikashtuka, ng'ombe akiwa hivyo tayari unatafuta mnunuzi wa ngozi. Mwenyewe ananitazama tu. Saa tisa mchana nikampima tena huyo huyo: karibu 41. Nikasema hii sasa ni homa, nikamchoma dawa. Yule mzee alisubiri nikamaliza, akaniambia kwa upole, "Daktari, huyu hakuwa mgonjwa. Mgonjwa ni yule pale." Akanionyesha mwingine kabisa.

Ndivyo ngamia mwenye kiu anavyoishi. Mwanasayansi Knut Schmidt-Nielsen alikwenda Béni Abbès, kwenye Sahara ya Algeria, mwaka 1953 na 1954, akawapima ngamia kwa miezi. Aligundua kwamba ngamia anayekunywa kila siku joto lake halichezi sana, kiasi cha nyuzi 2 hivi. Ukimnyima maji, linaanza kupanda na kushuka kutoka 34 alfajiri mpaka karibu 41 jioni. Yaani anakubali kupata joto badala ya kutoa jasho. Anaanza siku akiwa wa baridi, analiacha jua limpashe polepole, na usiku jangwa likipoa anaachia joto lote bure bila kutumia tone. Kwa ngamia wa kilo 500 ni karibu lita 5 za jasho alizookoa kwa siku moja. Na kwa kuwa mwili wake ni moto, tofauti kati yake na hewa ya nje inapungua, kwa hiyo hata joto linalomwingia linakuwa kidogo.

Jamaa huyo pia alimnyoa ngamia mmoja manyoya. Yule aliyenyolewa alitumia maji kwa nusu zaidi kuliko wenzake. Sisi tunafikiri manyoya ni koti la baridi. Kumbe ni mwavuli.

chai_moto:

Hapo kwa daktari nimecheka mpaka nimekohoa. "Mgonjwa ni yule pale." Nafuta kauli yangu ya chai.

Kijana wa Kondoa:

Sasa daktari, nyuzi 41 ubongo haupikiki? Na wanyama wetu wa huku je, hawa digidigi waliojaa porini kwetu? Sijawahi kumwona digidigi kwenye maji hata siku moja.

Daktari wa Mifugo Isiolo:

Swali lako la ubongo limewahi kujibiwa hapa hapa kwetu. Miaka ya 1960 mtafiti C. Richard Taylor alifanya kazi Muguga, nje kidogo ya Nairobi, akawaweka choroa (yule swala mkubwa wa pembe ndefu) na swala granti kwenye chumba cha joto kali. Wakapanda mpaka nyuzi 45 na zaidi, kwa saa kadhaa, wakatoka wazima. Sisi wanadamu hapo tungekuwa tumeshazikwa.

Ukifuata mishipa ya damu inayopanda kichwani kwa wanyama hao, unakuta kabla ya kufika kwenye ubongo inagawanyika kuwa vijishipa vingi vidogo, kama wavu. Wavu huo umelala ndani ya dimbwi la damu inayorudi kutoka puani, ambayo imepozwa na hewa ya kupumua. Damu moto inapita katikati ya damu baridi, inafika kwenye ubongo ikiwa imepoa. Digidigi wako, swala, kondoo, wote wana wavu huo.

Niongeze jambo ambalo wengi hawalisemi. Waliokuja baadaye, hasa watafiti wa Afrika Kusini, waliweka vipimajoto ndani ya miili ya wanyama wanaoishi porini huru, si kwenye chumba. Picha ikabadilika. Wavu ule unafanya kazi, lakini faida yake kubwa inaonekana ni kubana maji: ubongo ukiwa wa baridi haupigi kengele ya "toa jasho, hema". Mnyama anaudanganya ubongo wake ili asilipie maji. Na porini choroa huwa hafiki 45, kwa sababu ana akili ya kutafuta kivuli.

Fundi Pampu:

Umesema pua, daktari, wacha niingie hapo, maana pua ndiyo iliyonimaliza.

Kule usiku ni baridi. Asubuhi nikitoka kwenye hema naona moshi unatoka kinywani mwangu. Moshi ule ni maji, tena ni maji yangu. Ngamia aliyelala hatua tano kutoka kwangu, na mwili wake wote ule, hatoi moshi wa maana. Ndani ya pua yake kuna mikunjo mingi kama kitambaa kilichokunjwa kunjwa. Hewa kavu ikiingia inaipoza na kuikausha ile mikunjo. Hewa yenye unyevu ikitoka kwenye mapafu inakutana na kuta kavu, baridi, na unyevu unashikwa pale pale, kama mvuke unavyoshikwa na mfuniko wa sufuria. Pumzi ijayo inaingia inaurudisha ndani. Kwenye dhoruba ya mchanga anafunga tundu zote za pua zikabaki mstari tu, halafu kope zake ni safu mbili, na bado ana kope ya tatu nyembamba inayofagia jicho.

Kijana wa Kondoa, mtazame digidigi wako puani. Ile pua ndefu inayochezacheza kama mkonga mdogo ni mtambo wa namna hiyo hiyo.

Maji mengine yanabanwa huku nyuma. Mkojo wa ngamia mwenye kiu ni mzito, una chumvi kuliko bahari, na ni kidogo. Mavi ndiyo usiseme. Tulikuwa tunapikia. Anayaangusha asubuhi, unaweza kuyawashia moto muda mfupi tu baadaye, na ya ng'ombe unaanika siku ngapi?

Na akilala hajilazi ovyo. Kifuani ana sugu kubwa, ngumu kama soli ya tairi. Anaketi juu ya sugu hiyo na magoti, tumbo linabaki juu kidogo ya mchanga, upepo unapita chini yake. Uso anauelekeza kwenye jua ili jua limpate kwa upande mwembamba. Jua likihama, naye anahama. Ukiwaona kumi wameketi wote wanaangalia upande mmoja unadhani wanasikiliza hotuba.

Maskati Leo:

Salaam kutoka Oman. Mmetaja choroa, huku kwetu yupo mdogo wake mweupe, Waarabu wanamwita maha. Marehemu babu yangu alirudi huku kutoka Unguja na cha kwanza alichotuambia ni kwamba ngamia aliowajua yeye mjini Unguja walikuwa wamefungwa macho wanazunguka kinu cha kukamua mafuta, na hawa wa huku wana nasaba na majina kama watu.

Maha anaishi Jiddat al-Harasis, nyanda za mawe katikati ya nchi, hakuna mto, hakuna kisima cha wazi. Lakini kuna ukungu unaopanda kutoka baharini usiku. Analamba umande kwenye majani na kwenye manyoya ya mwenzake, na anakula usiku na alfajiri majani yakiwa na unyevu. Anakaa miezi bila kunywa maji ya kuteka. Rangi nyeupe inarudisha jua, na mchana kutwa anachimba kwa kwato kifuko chini ya mti akalala kwenye mchanga wa baridi.

Kilichomshinda si jua, ni bunduki na gari. Wa mwisho porini aliuawa mwaka 1972. Akarudishwa mwaka 1982 kutoka kwa wale waliokuwa wamefugwa Marekani, na Waharasis, wenyeji wa nyanda hizo, wenyewe wakawa walinzi wake. Wakafika 450 hivi mwaka 1996. Majangili wakaanza tena kuwakamata kuwauza wakiwa hai, wakabaki 65, hifadhi yao ya pale ikakatwa asilimia 90, na mwaka 2007 UNESCO ikaifuta kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ilikuwa ya kwanza duniani kufutwa. Inauma kuandika hili.

Daktari wa Mifugo Isiolo:

Maskati, hilo la kula usiku Taylor aliliona Kenya pia. Kuna kichaka kimoja ambacho choroa wanakipenda. Mchana majani yake ni makavu, yanasagika mkononi kama ugoro. Usiku yanafyonza unyevu wa hewa yanakuwa laini. Mnyama akila saa nane mchana anakula vumbi, akila saa nane usiku anakula na kunywa. Mmea ni ule ule.

Binti Shangani:

Mnasifia wakubwa tu. Mimi nawaletea sisimizi wa jangwani, wale wa Tunisia. Mwenzenu anatoka shimoni mchana wakati wengine wote wamejificha, anazungukazunguka kwenye mchanga usio na alama yoyote, akipata mzoga wa mdudu anarudi shimoni kwa mstari ulionyooka. Harufu ya kufuata hamna, jua limeshaunguza kila kitu. Mwaka 2006 watafiti waliwabandika baadhi yao magongo miguuni, vipande vya manyoya ya nguruwe, miguu ikawa mirefu. Wengine wakakatwa miguu ikawa mifupi. Wa magongo walipita shimo wakaenda mbele wakasimama kushangaa. Wa miguu mifupi walisimama kabla ya kufika. Yaani sisimizi anahesabu hatua!

chai_moto:

Kuna binadamu alikaa akamvika sisimizi magongo. Na mimi nalalamika kazi yangu ngumu.

Fundi Pampu:

Binti Shangani, ahsante. Ndege nami nimkumbuke mmoja. Pale Kalacha kuna chemchemi, na asubuhi firigogo wanashuka kwa makundi. Nilidhani wote wanakuja kunywa. Kuna dume mmoja alinywa, halafu akaingia majini mpaka kifua, akawa anapandisha na kushusha mwili kama mtu anayefua. Akakaa hivyo dakika kadhaa, akaruka mzito. Kijana wangu, mwenyeji wa pale, akaniambia anapeleka maji kwa watoto. Nikajua ananipiga kamba.

Ni kweli tupu. Manyoya ya tumboni ya dume yamesokotwa kwa namna yake, yanashika maji kama sifongo, na anaweza kuruka hata kilometa 30 nayo. Akitua, vifaranga wanakuja kunyonya manyoya. Mzungu mmoja aliliandika jambo hili mwaka 1896, wenzake wakambishia mpaka miaka ya 1960. Ningejua hayo ningemwomba msamaha kijana mapema.

Mwalimu Baiolojia:

Nakubali kusahihishwa na daktari, na kesho nitawaambia wanafunzi. Ila na mimi nina la kuwarushia. Mnasema ngamia "ameumbwa kwa jangwa". Asili ya ukoo wake ni Amerika Kaskazini, na huko aliishi mamilioni ya miaka kabla ya kuvuka kwenda Asia. Mwaka 2013 ilitangazwa mifupa ya ngamia mkubwa iliyopatikana kisiwa cha Ellesmere, Kanada, karibu na Ncha ya Kaskazini, ya miaka kama milioni 3.5 iliyopita. Wakati huo kule kulikuwa na misitu, na baridi ya giza la miezi kadhaa. Sasa fikirieni: wayo mpana usiozama unafaa mchanga, na unafaa theluji. Nundu ya mafuta inafaa kiangazi, na inafaa majira ya baridi yasiyo na chakula. Inawezekana kabisa alikuja jangwani akiwa na mizigo yake tayari.

Maskati Leo:

Subhanallah. Ngamia mtu wa barafu.

Kijana wa Kondoa:

Mwalimu umevunja uzi. Swali la mwisho la mtu wa Dodoma: kwa nini sisi tusifuge? Kila mwaka ng'ombe wanatufia.

Daktari wa Mifugo Isiolo:

Wapo wanaofuga kaskazini ya kwenu, upande wa Arusha, na huku Kenya Wasamburu na Waborana wengi waliokuwa watu wa ng'ombe wameingia kwenye ngamia. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya milioni 4 nchini. Sababu kubwa ni maziwa. Ng'ombe akikosa maji anakata maziwa. Ngamia anaendelea kumnyonyesha ndama, na waliopima wameona maziwa ya mama mwenye kiu yanakuwa na maji mengi zaidi. Anajibana yeye, ndama anapata kunywa.

Lakini usikimbilie. Kwanza mbung'o: palipo na mbung'o ngamia hadumu. Pili tope. Wayo wake hauna kwato za kushika, kwenye udongo mfinyanzi uliolowa anateleza, miguu inapanuka, anavunjika nyonga. Nimeshamwona hivyo mara mbili, na huwezi kumfanyia kitu. Tatu, jike anabeba mimba mwaka mzima na zaidi kidogo, kwa hiyo kundi haliongezeki haraka. Ukitaka utajiri wa upesi fuga kuku.

Kijana wa Kondoa:

Nimekuelewa daktari. Fundi, wewe visima ulivyofunga huko vimesaidia kweli, au ngamia hawavihitaji?

Fundi Pampu:

Hili swali nililikwepa tangu mwanzo, umelipata.

Nilipofika kule nilidhani shida ni maji, kwa hiyo dawa ni maji. Tukafufua kisima kimoja, maji matamu, kila mtu akafurahi. Baada ya msimu mmoja watu walikuwa wamehamia hapo, na mbuzi na ng'ombe wao, na ukisimama juu ya tangi ukageuka pande zote huoni jani. Ardhi imekuwa nyekundu, wazi kama kiwanja cha mpira. Maji yapo, majani hayapo. Ng'ombe lazima anywe kila baada ya siku moja au mbili, kwa hiyo hawezi kwenda mbali, anakula palepale mpaka anamaliza, halafu anakufa kando ya hori lililojaa.

Yule mzee wa dumu nne na robo tatu, ngamia wake walikuwa wanakula mwendo wa siku mbili kutoka kisimani. Kule hakuna mnyama mwingine wa kufugwa anayeweza kufika akala akarudi, kwa hiyo majani yapo. Nilikuwa naona kustahimili kiu ni kuteseka kwa muda mrefu. Yeye alikuwa anaona ni uwanja: kila siku ambayo ngamia hanywi ni kilometa nyingine anazoweza kwenda.

Mvua ziliporudi 2023 wazee wakaniita. Nikadhani pampu imeharibika. Wakaniambia nifunge kisima, nichomoe waya za jenereta, mpaka kiangazi, ili watu na mifugo waondoke wakanywe kwenye madimbwi na majani ya hapa yapumzike. Kazi yangu yote maishani ni kufungua maji. Niliuliza mara tatu kama wana uhakika.

Nikafunga. Mzee akachukua ile spana yangu ya namba 24, akaifunga kwenye pindo la shuka lake, akasema atanirudishia kiangazi.

chai_moto:

Alikurudishia?

Fundi Pampu:

Mkataba uliisha kabla ya kiangazi. Anayo mpaka leo.